Umekatika, Umekatwa

Mshale umelala.
Tumetoka Kirinyaga Road, tumezunguka Globe, tumerudi,
malori yanatupigia honi, dashibodi inatetemeka,
na mshale bado umelala kwenye sufuri
kama bawabu wa benki saa kumi za alfajiri.

"Kwani gari halijui linakwenda?"
auliza Mwalimu Nyamoita, mkoba mapajani.
Magurudumu yanajua, mwalimu.
Huku juu ndiko habari hazijafika.
Na gia, kwa kukosa habari, imeng'ang'ania ya pili.

Fundi wa kwanza alimwambia: nunua sensa.
Akanunua. Elfu nne mia tano.
Wa pili: badilisha saa zote za dashibodi.
Ndipo akaja kwangu, risiti amezibana kwa klipu.

Mimi huuliza kabla ya kununua.
Otwoma, piga jeki, inua gurudumu la kushoto peke yake.
Swichi iwe imewashwa, injini ilale.
Nyaya tatu zinatoka kwenye sensa:
mmoja unaleta moto, kumi na mbili nukta moja, sawa;
mmoja unakwenda ardhini, sawa;
wa tatu, zambarau wenye mstari mweupe,
huyo ndiye mjumbe.
Zungusha, Otwoma. Polepole, husongi ugali.
Tano. Sufuri. Tano. Sufuri.
Mita inapumua kiganjani.
Sensa ni nzima. Nadhani hata ile ya zamani ilikuwa nzima,
lakini hilo nalimeza.

Naingia ndani, nalala chali chini ya usukani,
tochi mdomoni, miguu nje kwenye jua la Grogan.
Nyuma ya saa, waya uleule.
Zungusha!
Kimya.
Zungusha, wewe!
Kimya.
Basi mjumbe katoka kwao na mjini hajafika.

Namfuata kwa vidole, maana macho hayapiti,
hadi nyuma ya kisanduku cha abiria.
Vidole vinagusa uvimbe.
Nauvuta kwenye mwanga.
Mkanda wa samawati.

Ule mweusi ulikuwa umeniishia siku ile.
Ngara, uwanja wa magari ya kukodisha,
tajiri akisema kata hapa, safari za Malaba zisihesabiwe;
na siku ya kuuza akasema unga.
Nikasokota kwa vidole. Risasi sikuchoma.
Mia tano, nikaenda kula.
Mizunguko mitatu, ncha imekunjwa ndani:
ndivyo ninavyofunga hadi leo, ndivyo ninavyomfunza Otwoma.
Chini ya mkanda shaba imeota kijani,
imechoka kunishikilia.

Nikatoka. Nikajipangusa.
"Nimeuona. Waya umekatika."

Amefundisha Kiswahili Kariobangi miaka thelathini na mmoja.
Akavua miwani.
"Umekatika, au umekatwa?"

Jirani alikuwa akigonga bodi ya pikapu. Akaacha.
Au labda mimi ndiye niliyeacha kumsikia.

"Umekatwa."
"Basi hizi kilomita si za kweli."
"Si za kweli."
"Zimepungua ngapi?"
"Sijui, mwalimu. Malaba ni mbali."

Nikakwangua kijani, nikachoma risasi,
moshi ukaniingia machoni, nikauacha.
Akashika usukani mwenyewe.
Penye ishirini mshale ukainuka,
ukasitasita, ukapanda arubaini,
na gia ya tatu ikaingia bila kubembelezwa.

Nikakataa pesa. Akaniwekea elfu moja juu ya betri,
akataka risiti.
Nikaandika: *Kuunga waya.*
Akaisoma, akanirudishia na kalamu.

"Hapa hapana mtenda."

Nikaandika: Kilonzi.
Karatasi ya chini nayo ikalichukua, kwa kaboni.